Kabla ya kulaumu kisahani: piezo, feroelektriki na antena katika atelye za Goma

Anayeingia kwenye kazi ya vihisio hapa Goma huanza na kisahani kilekile cha piezo, yaani kitu kinachotoa umeme kikibanwa au kupindwa: duara la shaba ya manjano lenye upana wa milimita 27, na juu yake kauri nyeupe iliyopakwa ngozi nyembamba ya fedha. Hakihitaji hata kununuliwa. Kimo ndani ya kadi za kuimba, vichezeo vya watoto, mikrowevu iliyoungua, na onduleri zilizotupwa baada ya batri kufa. Mradi ukikwama, kisahani ndicho cha kwanza kutupiwa lawama. Kwa yale tuliyoyaona, kauri ndiyo inayokosea mara chache zaidi. Kazi huharibikia pembeni yake: kwenye lehemu, gundi, rezista, waya na unyevu.

Kwanza hakikisha ni piezo kweli. Vipaza-mlio vidogo vyeusi vya mviringo viko vya aina mbili, na kwa nje vinafanana. Weka multimita kwenye ohmu. Ikisoma kati ya 16 na 50, ndani mna koili na sumaku, hakikufai. Ikionyesha kwamba njia imekatika, kuna uwezekano mkubwa ni kauri. Kisha hamia kwenye kipimo cha kapasita. Kisahani kizima cha milimita 27 husoma karibu nanofaradi 20. Ukipata 12, jua kauri imepasuka na kipande chake hakishikani tena na waya, hata kama jicho halioni ufa. Chini ya nanofaradi 1 ni waya ulioachia. Kipimo hiki kinachukua sekunde tatu na kinaokoa siku nzima. Ajabu ni kwamba wengi hugonga kisahani kwa kidole, wakaona sindano inaruka, wakaridhika. Kilichopasuka nusu nacho huruka.

Kulehemu ndiko kunakoua visahani vingi, na sababu yake iko katika namna kauri hii inavyotengenezwa. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele kama za kwatzi hutoa chaji zikibanwa. Kwatzi imezaliwa hivyo, haihitaji kufundishwa. Kauri za barium titanati zilizokuja miaka ya 1940, na PZT (mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani) iliyofuata miaka ya 1950, ni feroelektriki: ndani yake mna chembechembe zinazoelekea kila upande, na kiwanda huzilazimisha zielekee upande mmoja kwa voltiji kubwa na joto. Malipo yake ni makubwa. Kwatzi hutoa pikokulombu 2.3 hivi kwa kila nyutoni. PZT laini hutoa 400 na zaidi. Lakini kilichopangwa kwa joto na voltiji hupangulika kwa joto. Barium titanati hupoteza mpangilio wake kwenye nyuzi 120 za Selsiasi. PZT kati ya 190 na 360 kulingana na mchanganyiko. Na ncha ya pasi ya kulehemu iko kwenye 350.

Kwa hiyo: pasi yenye ncha safi, waya mwembamba wenye nyuzinyuzi, waya na ngozi ya fedha vyote vipakwe risasi ya kulehemu kabla, halafu mguso usiozidi sekunde mbili. Lehemu karibu na ukingo wa kauri, siyo katikati, maana katikati ndiko inakopinda zaidi, na tone la risasi pale huongeza uzito usioutaka. Ngozi ya fedha huyeyukia ndani ya risasi ya kawaida. Ukiikawiza pasi utaona doa la kijivu ambalo halishiki tena. Risasi yenye fedha asilimia 2 hupunguza tatizo hilo, ukiipata. Upande wa shaba hauna taabu, ila unameza joto, basi huko vumilia kidogo zaidi. Mwisho funga waya kwa tone la gundi umbali wa sentimita moja kutoka kwenye kiungo, ili kiungo kisivutwe.

Sasa rezista, ambayo ndiyo inayoamua kihisio chako kitasikia nini. Mafunzo mengi mtandaoni yanaweka megaohmu 1 sambamba na kisahani, waya mmoja kwenye Arduino (bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia), basi. Hilo linafaa kwa kubisha mlango au kupiga ngoma. Lakini nanofaradi 20 na megaohmu 1 hukata kila kitu kilicho chini ya hezi 8. Ukitaka kushuka mpaka hezi 0.8 unahitaji megaohmu 10, na kwa hezi 0.08 megaohmu 100. Hapo mlango mwingine wa matatizo hufunguka: chipu ya kukuza. LM358 inapatikana kila duka na bei yake ni ya chini, lakini mguu wake wa kuingilia hupitisha makumi ya nanoampea. Nanoampea 30 kwenye megaohmu 10 ni volti 0.3, kwenye megaohmu 100 ni volti 3, na kikuzaji kimeshafika mwisho wa voltiji yake kabla hujagonga chochote. TL072 iko kwenye pikoampea makumi, lakini inataka umeme wa volti 10 au zaidi ili ifanye kazi vizuri. Kwa bodi ya volti 5, MCP6002 yenye pikoampea 1 hivi ndiyo tunayoipendekeza bila kusitasita.

Ulinzi nao una mtego wake. Pigo kali hutoa volti makumi, kwa hiyo watu huweka diodi ya zena ya volti 5.1 sambamba. Zena hiyo huvuja mikroampea hata kabla ya kufika kwenye voltiji yake, na mikroampea moja ndani ya saketi ya megaohmu mia ni kama mtungi usio na kitako. Weka kilohmu 100 kwa mfuatano kabla ya mguu wa chipu, na kama unataka diodi, tafuta BAV199 ambayo uvujaji wake ni pikoampea chache. Na kile kitufe cha kuwashia jiko la gesi, chenye silinda mbili ndogo za PZT zinazotoa maelfu ya volti, kisikaribie kabisa bodi yako.

Kila mwaka vijana wa shule za ufundi huja na wazo moja: kuweka visahani ardhini ili kuonya juu ya volkano ya Nyiragongo. Moyo wao ni mzuri, na aliyekuwa mjini ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 hahitaji kuelezwa kwa nini. Lakini hesabu haikubali. Mtetemo wa volkano unaoendelea polepole huwa kati ya hezi 0.5 na 5. Chukua ardhi inayosogea kwa mikromita 10 kwa sekunde kwenye hezi 1. Mchapuko wake ni kama mita 0.00006 kwa sekunde mraba. Ukigundisha nati ya M8 yenye gramu 5 juu ya kisahani, nguvu inayobana kauri ni mikronyutoni 0.3, chaji ni sehemu ndogo mno ya pikokulombu, na juu ya nanofaradi 20 unapata nanovolti 6. Sema kupinda kwa kisahani kunaongeza mara mia, bado ni nanovolti 600, wakati makelele ya chipu yenyewe kwenye masafa hayo ya chini hufika maelfu ya nanovolti. Hakuna programu itakayotoa ishara humo. Jiofoni ya koili na sumaku, au vipima-tetemeko kamili kama vinavyotumiwa na waangalizi wa volkano, vipo kwa sababu hiyo. Kisahani kitasikia tetemeko ambalo wewe mwenyewe umeshalisikia miguuni.

Kwingine ndiko kinakong'ara: mashine. Goma imejaa vinu vya mahindi na mihogo, pampu za maji, jenereta. Rulema ya mota (upande wa Kenya na Tanzania wanaita beringi) inapoanza kuchoka, hulia kwa masafa yanayojulikana kabla ya kukwama. Chukua mota ya pampu yenye rulema ya 6205, gololi 9, mizunguko 1,450 kwa dakika, yaani 24.2 kwa sekunde. Kidonda kwenye pete ya nje hugongwa takriban mara 87 kwa sekunde. Kwenye pete ya ndani mara 131. Kanuni ya haraka bila kitabu: idadi ya gololi mara mizunguko kwa sekunde, zidisha kwa 0.4 kwa pete ya nje na 0.6 kwa ya ndani. Hapa megaohmu 1 inatosha kabisa, kwa kuwa hatuhitaji chochote chini ya hezi 10.

Namna ya kufunga: kwangua rangi kwenye nyumba ya rulema mpaka chuma king'ae, futa mafuta kwa spiriti, kisha gundisha ukingo wa kisahani kwenye kipete cha chuma, na kipete kwenye mashine, kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Kauri iwe juu, na nati ya gramu 5 katikati yake, juu ya tone dogo la epoksi. Nati hiyo ndiyo inayobaki nyuma mashine inapotikisika, na kwa kubaki nyuma hupinda kisahani. Bila nati utapata ishara hafifu. Ukiweka nati ya M12 utapata ishara nene, lakini mlio wa asili wa kisahani, ambao bila mzigo uko karibu na hezi 4,600, utashuka na kufunika kile unachokitafuta. Silikoni usitumie mahali hapa: inameza masafa ya juu. Gundi ya kuyeyusha kwa bastola ya umeme inashika vizuri asubuhi, na mchana mota ikipata joto inalainika na kipimo kinaporomoka polepole. Mtu anadhani rulema imepona.

Ukichukua sampuli, nenda angalau 2,000 kwa sekunde, na usisome kiwango tu: tazama masafa. Kiwango cha mtetemo hubadilika kinu kikiwa kitupu na kikiwa na mihogo mikavu. Masafa ya kidonda hayabadiliki, mradi mota inazunguka kwa kasi ileile. Linganisha mashine na yenyewe ilipokuwa nzima. Kulinganisha kinu cha Majengo na cha Katindo hakukupi kitu.

Umeme wetu wenyewe huingia katika kipimo. Kisahani chenye waya mrefu usio na ngao hunasa hezi 50 na 100 za nyaya za jirani, na hezi 100 ziko karibu mno na ile 87. Wengine huweka kichujio cha kuondoa 50 kamili, na kinafanya kazi mpaka umeme wa mtandao ukatike na jenereta iwashwe, kwa sababu jenereta iliyolemewa hushuka mpaka 47 na iliyo tupu hupanda 52 au zaidi. Dawa siyo kichujio, ni waya: koaksi nyembamba, ngao yake ilehemiwe kwenye shaba ya kisahani na ifungwe ardhini upande mmoja tu, ule wa bodi. Kama mashine yenyewe ina ardhi, weka utando wa mika au epoksi kati ya kipete na chuma, la sivyo utakuwa na ardhi mbili zinazopigana. Na koaksi ikining'inia inatoa chaji kwa kujisugua ndani. Ifunge kwenye mwili wa mashine kila sentimita 20.

Mji huu una adui mwingine ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hubeba gesi za salfa, mvua hushuka na asidi, na kila mwenye mabati anajua yanavyoliwa. Shaba iliyo wazi hugeuka kijani, na chumvi hiyo ya kijani ikichanganyika na unyevu wa asubuhi hupitisha umeme. Saketi ya megaohmu 100 haiwezi kuvumilia njia ya pembeni ya megaohmu 5 juu ya bodi. Osha mabaki ya fluksi kwa spiriti ya asilimia 99 na mswaki, mara mbili, kausha, kisha paka vanishi au epoksi juu ya sehemu yote yenye ukinzani mkubwa. Ukifunika kwa silikoni, hakikisha ni ile isiyonukia siki: yenye harufu ya siki hutoa asidi wakati wa kukauka na kula shaba kutoka ndani, mahali usipoona. Dalili ya uvujaji ni rahisi kuitambua. Kihisio kinafanya kazi saa sita mchana na kinakufa saa kumi na mbili asubuhi.

Feroelektriki zote za namna hii pia husikia mabadiliko ya joto, na hilo huwashangaza wengi. Jua likitoka nyuma ya wingu na kupiga kisahani, ishara inatambaa bila mtu kugusa kitu. Kivike kofia ya povu. Taa za uani zinazowaka mtu akipita zimejengwa juu ya tabia hiyohiyo, kwa vipande viwili vya kauri au lithiamu tantalati vilivyofungwa kinyume, ili joto la kawaida lifutane na mtu anayesogea tu ndiye aonekane. Ndiyo maana haziwaki kwa mtu anayekuja moja kwa moja upesi kama kwa anayekatiza mbele yake, na ndiyo maana haziwezi kuona kupitia kioo cha dirisha.

Kwa kupima maji ndani ya matangi, piezo inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti ya hezi 40,000, kama JSN-SR04T, inatosha, ukikubali tabia zake. Haioni chochote kilicho chini ya sentimita 20 hadi 25, kwa sababu kauri ileile inayopiga ndiyo inayosikiliza, na inahitaji muda kunyamaza. Ifunge juu zaidi ya mahali maji yanapojaa. Watu huuliza kama mwinuko wa Goma, karibu mita 1,500, unabadilisha kasi ya sauti. Haubadilishi, joto ndilo linalobadilisha. Kasi ni 331.3 kuongeza 0.606 mara nyuzi za Selsiasi. Tangi jeusi likiwa na hewa ya nyuzi 40 mchana na 15 usiku, kipimo cha mita 1.5 hutofautiana kwa zaidi ya sentimita 6 bila hata ndoo moja kuchotwa. Ongeza kipima-joto cha DS18B20 ndani ya tangi na ufanye hesabu kila mara unaposoma.

Hatimaye data lazima isafiri, na hapa vifaa hivi vinarudi kwa mlango wa antena. Fungua rimoti ya lango au moduli ya bei nafuu ya kutuma: kile kikopo kidogo cha chuma chenye miguu mitatu ni fuwele ya piezo ambayo juu yake wimbi la mtetemo hukimbia kwa mita 3,000 na kitu kwa sekunde. Redio ya megahezi 433.92 ina urefu wa wimbi wa sentimita 69 hewani. Juu ya fuwele wimbi hilohilo linakuwa mikromita 7. Ndiyo sababu vichujio vya masafa vya simu, kila kimoja, huenea kwenye kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Vingi hutengenezwa kwa lithiamu tantalati. Tantali ya koltani inayotoka Rubaya na kwingineko Kivu huenda zaidi kwenye kapasita, lakini metali hiyohiyo ndiyo iliyomo katika fuwele hizo.

Uvumbuzi mmoja unaotufaa sana hapa ni kuunganisha fuwele kama hiyo moja kwa moja na antena, bila batri wala chipu. Msomaji hutuma mdundo wa redio, antena huugeuza kuwa mtetemo juu ya fuwele, mtetemo hugonga vioo vidogo vilivyochorwa na kurudi umechelewa kwa mikrosekunde chache. Fuwele ikipata joto au ikivutwa, ucheleweshaji hubadilika, na huo ndio usomaji. Kwa shafti inayozunguka, ambako waya hauwezi kufika, ni jibu safi. Mwaka 2019 watafiti wa maabara ya SLAC, Marekani, walikwenda kinyume cha hapo: walitumia kijiti cha lithiamu niobati kisichofika sentimita 10 kama antena yenyewe ya kutuma kwenye kilohezi 35.5 hivi, ambako wimbi lina urefu wa zaidi ya kilomita 8. Masafa ya chini namna hiyo hupenya ardhi na maji kuliko yale ya simu, kwa hiyo wachimbaji wa chini ya ardhi wana kila sababu ya kuifuatilia. Kasoro yake ni upana: kijiti kinacholia vizuri hulia kwenye masafa membamba sana, na data inapita kwa matone.

Barium strontium titanati ni habari nyingine. Ukiiwekea volti kama 20, uwezo wake wa kushika chaji hupungua, na antena ya simu hutumia hilo kujirekebisha mkono wako unapoifunika. Kwa atelye ya kawaida hakuna la kufanya nayo, ila kujua kwamba sehemu hiyo ikilehemiwa kwa joto kali au ikikosa voltiji yake, simu hushika mtandao ikiwa mezani na kuupoteza ikiwa sikioni.

Kauri ya mraba ya GPS siyo piezo, ingawa wengi huichanganya. Hiyo inafupisha wimbi tu: kwenye megahezi 1,575.42 nusu ya wimbi hewani ni sentimita 9.5, na ndani ya kauri yenye kipimo cha daielektriki (kinachoonyesha inavyopunguza kasi ya wimbi) cha 20 inakuwa milimita 21 hivi, ndiyo maana kipande kina milimita 25. Kiweke juu ya bamba la chuma la angalau milimita 70 kwa 70, uso ukitazama mbingu. Usikimwagie epoksi ile uliyotumia kwenye kihisio, kwani kila tabaka juu yake hushusha masafa yake na satelaiti zinapungua moja moja.

Na kwa moduli ya 433, antena ni waya wa sentimita 17.3 uliosimama wima, basi. Koili ndogo inayokuja nayo inafanya kazi ndani ya chumba, haivuki ukuta wa mawe ya volkano uliolowa mvua. Toa waya nje, juu ya ukingo wa bati, sentimita 20 au zaidi mbali nalo. Ukiwa chini ya bati, hata waya mzuri utakupa mita chache tu.